Kumi na Nane juu ya Ishirini

Kila mwaka, mvua zikikaribia kukatika, ninafika kwenye somo la Mjerumani yule, na kila mwaka ninachelewa kushika chaki. Zamani sikuchelewa. Zamani nililipenda somo lile kuliko masomo yote ya darasa la sita la sekondari, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mie ni mwalimu wa historia hapa Kasongo. Wanafunzi wananiita Madame, wazazi wao wananiita Madame, hata muuza sombe, yale majani ya mihogo, sokoni ananiita Madame, maana nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu. Na mmoja wao nilimfundisha vizuri mno.

Jina la Mjerumani sitaliandika. Nimeliandika ubaoni miaka chungu nzima, inatosha. Wala simsemi yule mkubwa ambaye kila mtu amemsikia. Huyo mkubwa yumo kwenye programu, lakini wanafunzi walikuwa wanamsikiliza kama wanavyosikiliza hadithi za majini. Ukiwauliza alitokaje mpaka akashika nchi, wanakukodolea macho, kwani jini linatokaje? Basi nikatafuta mwingine, mdogo wake kwa cheo, mmoja wa wale waliomfyekea njia. Nilimkuta katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichopewa na sista mmoja wa Kabambare siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Kilichonishika ni kwamba huyu alikuwa mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo, na chaki yake, na fimbo yake, kama sisi.

Kazi yake nitaieleza kama ninavyoieleza darasani. Alikwenda vita vya kwanza akarudi na medali na uchungu. Nchi yao imeshindwa, mkate haupatikani, kila mtu anatafuta wa kumbebesha lawama. Mchana anafundisha watoto kusoma. Jioni anakwenda baa, maana kwao siasa ilifanyikia baa, anasimama juu ya meza, anasema. Anasema kuna wageni kati yetu. Wamekaa hapa tangu mababu, wanasema lugha yetu, vijana wao wamekufa vitani pamoja na vijana wetu, lakini ni wageni tu. Akaingia chama kidogo, akagombana nacho. Akaanzisha chake, kikapigwa marufuku, akakipa jina jingine. Akachapa gazeti la matusi na vikaragosi. Akafukuzwa ualimu, akajitangaza kuwa amefukuzwa kwa kusema kweli. Wakamchagua kuingia baraza la jimbo, kisha bunge la taifa. Mwisho akakitia kikundi chake ndani ya chama cha yule mkubwa, akapewa kiti, na kabla vita vya pili havijaanza, watoto wa wale aliowaita wageni walikuwa wameshatolewa mashuleni. Kilichowapata baadaye dunia nzima inakijua.

Na mie, mwalimu mwenye diploma, nikawa ninaandika ubaoni kichwa cha maneno: Sababu za kufaulu kwake. Kufaulu! Wanafunzi wakakopi, wakapiga mstari chini kwa kalamu ya bik nyekundu, wakakariri kwa ajili ya egzameni. Sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikiyakumbuka yale madaftari natamani kuyakusanya yote niyawashie moto wa kupikia maharage.

Kuna jambo moja kitabu kile kilisema, mie nikaliruka kama mtu anavyoruka kidimbwi. Kilisema watu walikuwa wanakwenda kwenye mikutano yake kucheka. Alikuwa mchekeshaji. Walikuwa wanatoka nyumbani na wake zao, wanalipia kinywaji chao, wanacheka mpaka mbavu zinauma, wanarudi kulala.

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze bila kulipaka mafuta. Ni zaidi ya miaka kumi. Darasa la mwaka ule lilikuwa limelala, saa sita mchana, mabati yanawaka, njaa inawatoa jasho. Nilikuwa nimewapa kazi ya ekspoze, kila mwanafunzi asimame aeleze kipande. Kipande cha hotuba za Mjerumani kilimwangukia kijana mmoja mrefu, mwenye ulimi mtamu, ambaye watu wake ni wa upande wa Nyangwe, wa mtoni. Akaanza kusoma kwenye karatasi kama anayesoma tangazo la kodi. Wenzake wanapiga miayo. Nikamkata. Nikamwambia, "Weka chini karatasi. Wewe si mutani wangu? Basi fanya kama unanitania mie. Unionyeshe huyo Mujerumani kwa maneno yetu."

Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu mababu. Mie natoka katika zile familia za Waislamu wa mji. Baba wa babu yangu alikuja na msafara kutoka pwani, mzigo kichwani, bunduki ya tajiri begani. Mke wake, bibi wa ukoo wetu, alikamatwa upande wa Kabambare akiwa msichana, akaletwa na kamba shingoni. Kwa hiyo sisi ni wajukuu wa aliyefunga na wa aliyefungwa, tunalijua hilo, hatulifichi. Watu wa mtoni nao waliumia sana siku zile. Ingekuwa haki wasitusalimie mpaka kiyama. Lakini wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakafanya utani. Kilichokuwa damu kikawa kicheko. Wao wana ruhusa ya kutuita wageni, wabeba mizigo, watumwa wa tamaa. Sisi tuna ruhusa ya kuwaita walaji wa vyura, waoga wa bunduki, watu waliouza ndugu zao kwa kitambaa. Na hakuna kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake amevunja ukoo. Siku ya kilio ndipo utani unapokomaa. Jeneza likitaka kutoka, mtani anakaa chini kwenye lango, anatukana maiti, anasema huyu si wa hapa, ardhi haimjui, mumurudishe alikotoka. Watu wanalia na kucheka pamoja, wanamtupia kuku, ananyanyuka, maiti anapita. Kwetu maiti asiyetukanwa na mtani ni kama hajaagwa.

Basi kijana akaweka karatasi chini. Akavuta shati, akapanda juu ya benchi. Loo! Sijapata kuona. "Hawa watu ni wa nani?" akauliza, kidole kwangu. "Walikuja na mizigo kichwani, wakaiweka chini wapumuzike, mpaka leo wanapumuzika! Huyu Madame, babu yake alikuja kutafuta pembe za tembo. Tembo wameisha! Anangojea nini?" Darasa likaamka. Akarudia, "Tembo wameisha, anangojea nini?" Wakaitikia, wakapiga mabenchi. Prefe, mkuu wa shule, alikuja mlangoni, naye akacheka, akaegemea ukuta. Mie nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa kifutio cha ubao, uso ukajaa chaki, wakacheka zaidi. Nikamjibu kama mtani anavyojibu. Nikamwambia babu zake walisikia mlio wa bunduki wakakimbilia majini, mpaka leo wanaogopa kutoka, ndiyo maana wananuka samaki. Tukagonganisha viganja. Nikampa kumi na nane juu ya ishirini. Sijampa mtu alama hiyo kabla yake wala baada yake.

Nilichotaka ni waonje utamu wake, ili siku inayofuata niwaulize: mmeuona mdomo wenu ulivyojaa mate? Mmeona ilivyo rahisi? Somo hilo la pili ndilo lilikuwa somo lenyewe. Sikulifanya. Kesho yake walimu tuliingia kwenye mgomo, wiki tatu, na tuliporudi programu ilikuwa nyuma, tukakimbilia sura nyingine. Walibaki na utamu peke yake. Hilo nimejilaani nalo sana, na bado sijamaliza.

Mwaka wa kampanye ya uchaguzi nilikuwa sokoni nachagua mihogo nikasikia darasa langu. Wallahi, darasa langu lenyewe, linatoka kwenye megafoni juu ya gari. "Walikuja na mizigo kichwani, wakaiweka chini wapumuzike!" Nikageuka. Alikuwa amenenepa, suti ya buluu, picha yake imebandikwa mlangoni mwa gari, anatafuta kura za udepite, ubunge wa jimbo. Nitasema ukweli: midomo yangu ilianza kucheka kabla akili haijafika. Wauza samaki wakacheka. Muuza viungo, ambaye ni wa ukoo wetu, akacheka pia, lakini alikuwa anafunika bidhaa yake huku anacheka. "Tembo wameisha!" akapiga kelele yule. Soko likaitikia, "Wanangojea nini?"

Wanangojea. Zamani alisema anangojea, mtu mmoja, mie, niliye mbele yake na jibu tayari mdomoni. Sasa nilifungua mdomo nimjibu mambo ya bunduki na majini, sauti yangu haikufika hata kwa muuza chumvi. Nani atamjibu megafoni? Nikarudi nyumbani bila mihogo.

Watu walirekodi na simu. Kabla ya juma kuisha maneno yale yalikuwa yamefika Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mdogo wangu wa kiume alikuwa na meza ya kuuza mabuti ya plastiki, betri na sabuni. Salamabila ni mahali pa watu wa kila upande, kutoka Kivu na kwingine kote, wa msikiti na wa kanisa. Vijana wa pale hawakujua utani wetu, walijua wimbo tu. Wakawa wanauimbia kila mtu ambaye baba yake hakuzaliwa pale. Mdogo wangu, mjinga wa watu, alipoimbiwa alifikiri amepata watani. Akawajibu mambo ya vyura. Wakampiga makofi, wakapindua meza, wakayakanyaga mabuti mapya kwenye matope moja moja. Alikuja Kasongo kwa kupitia Wamaza, yeye na mkewe na watoto watatu, pikipiki pale inapopita, miguu pale daraja lilipokatika. Alipofika mlangoni kwangu hata hakunisalimu. Alisema, "Dada, ile maneno si ya darasani kwako?" Kwani alinikuta nikiyasimulia miaka ile, mezani, tukila, tukicheka wote.

Ndani ya nyumba alikuwepo mama yetu. Alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, anajua anakwenda na hakuwa na hofu ya kwenda. Hofu yake ilikuwa moja. Alikuwa na mtani wake, mwanamke wa Nyangwe, wa umri wake, muuza samaki wa kukausha. Wametukanana miaka hamsini. Yule akipita na beseni kichwani, mama anampigia kelele toka barazani, "Mula vyura, umetuletea wajomba zako wakavu?" Na yeye anajibu, "Nunua, mubeba mizigo, upate nguvu ya kurudi kwenu!" Kisha anatua beseni, anampa mama samaki mkubwa kuliko wote, wanakaa wanawasema wakwe zao mpaka jua linaegemea. Walikuwa wamewekeana ahadi. Atakayekufa mbele, mwenzake atakaa langoni.

Baada ya ile kampanye mtani wa mama alipungua kuja. Akipita, anapita upande wa pili wa barabara. Mama akaniuliza, "Mutani wangu iko mugonjwa?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, "Sasa nani atanitukana?" Nikamwambia usiseme mambo ya kufa. Akakasirika, akapiga kitanda kwa kiganja. "Siulizi mambo ya kufa! Nauliza nani atanitukana! Nikitoka humu kimya kimya kama mupita njia, ile kijana atakuwa amesema kweli. Unasikia?" Nilisikia. Tangu siku ile nilikuwa nasikia hilo tu.

Akaja nyumbani, yule mwanafunzi wangu wa kumi na nane juu ya ishirini. Mchana kweupe, na gari, na mfuko wa mchele, na kijana wa kupiga picha. "Jambo Madame! Mwalimu wangu!" Akanikumbatia. Alitaka nikae kiti cha mbele kwenye mkutano wake wa mwisho. Alisema wabaya wake wanamsingizia eti anachukia watu wa mji, kumbe ni utani, na nani atakataa kuwa ni utani kama mwalimu wake, mtani wake, binti wa familia kubwa ya Waislamu, amekaa pale mbele anacheka?

Nikamwambia, "Mudogo wangu amefukuzwa Salamabila kwa maneno yako."

"Ya Salamabila si yangu, Madame. Mie nasema tu. Watu ndio wanaelewa vibaya."

"Basi panda kwenye gari yako uwaambie wameelewa vibaya."

Akacheka. Alikuwa na meno mazuri, alikuwa nayo tangu darasani. "Madame, mutani hakasirikiwi. Wewe ndiye ulinifundisha. Na siku ile ulicheka wewe kuliko wote."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilicheka kuliko wote.

Aliyemjibu ni mama. Kumbe alikuwa anasikia chumbani. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini ina chumvi yote ya zamani. "Nani huyo ananuka samaki sebuleni kwangu? Ni mutoto wa wale walijificha majini? Mwambie avue suti, tuone kama mukia umeshakatika!"

Kijana wa picha akaangua kicheko. Mie nikamtazama mwanafunzi wangu usoni, nikisubiri. Jibu lake lilikuwa liko pale pale, hata mtoto wa darasa la kwanza angelijua: angesema bibi kizee anasubiri nini kurudi kwao, mama angecheka, angetoka amepona nusu. Nilimwombea ajibu. Wallahi nilimwombea. Angejibu, ningekwenda kukaa kiti cha mbele.

Uso ukakauka. Akamtazama kijana wa picha mpaka kicheko kikamfia kooni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama achunge mudomo. Wakati imebadilika."

Hapo ndipo nilimjua. Alikuwa anataka kutania na hataki kutaniwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikauburuta ule mfuko wa mchele mpaka nje, na haukuwa mwepesi, nikaubwaga mbele ya gari, ukapasuka. Nikamwambia atoke kwangu, na nikamwambia ile alama yake ninaifuta. Alama ya miaka kumi na zaidi nyuma! Nilikuwa kama kichaa. Kuku wa jirani wakaja kula mchele wake, sikuwafukuza. Jirani zangu walisimama kwenye nyua zao, na jioni habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba Madame amemkasirikia mtani wake, Madame amevunja utani. Mie! Eti mie ndiye niliyeuvunja!

Alishinda. Sitaki kulieleza hilo zaidi.

Mwaka huo huo nikafika tena kwenye somo. Nilisimulia mabaa, na meza, na gazeti la vikaragosi, na safari hii sikuliruka lile la kucheka, nililiandika katikati ya ubao. Kile kichwa cha Sababu za kufaulu nimekifuta milele. Sikuruhusu mtu kuigiza. Binti mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye huwa hasemi, akainua mkono. "Madame, ule Mujerumani alianza kuwa mubaya siku gani? Siku watu walicheka, ao siku walinyamaza?" Nilimwambia akae chini, aandike kilicho ubaoni. Nilimjibu kwa ukali, na hakustahili ukali. Nilikuwa sijui. Kitabu hakisemi. Na wengine walikuwa wanatazamana chini chini, maana kila mmoja alijua nilimpa nani kumi na nane.

Mama akafa Ijumaa alfajiri, amekaa, nikimshikia kikombe cha chai. Wanawake wakamuosha, tukamvika sanda. Mdogo wangu alikuwa amekwenda mwenyewe Nyangwe kwa pikipiki kupeleka habari kwa mtani wa mama, aliyekuwa amerudi kwao, akamkuta, akampa habari, akarudi naye nyuma ya pikipiki. Kwa hiyo alikuja. Nilipomwona anaingia uani nilishukuru Mungu kwa sauti. Lakini alikwenda akakaa kati ya wanawake wengine, kikwembe kimemfunika kichwa mpaka machoni, hakusema neno.

Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wakaja. Jeneza likatoka mlangoni, mdogo wangu amebeba mbele. Sote tukatazama lango. Lango lilikuwa wazi, hakuna mtu. Wabebaji wakapunguza mwendo, wakapunguza tena, mtu mzima na maiti begani anatembea kama anayekanyaga sakafu yenye sabuni. Ndipo yule mwanamke akanyanyuka. Hakwenda langoni. Alikuja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, Madame," akasema. "Mungu amulaze pahali pema."

Madame! Mwanamke aliyeniita mtoto wa mizigo tangu sijaota meno!

Nikamnyang'anya mikono yangu. "Usinipe pole! Pole wanapeana watu wasiojuana. Nenda ukae langoni. Tukana!"

"Mwanangu, naogopa," akasema. "Ile maneno yote ameyachukua yule. Nikifungua mudomo watasema niko wake. Na watoto wenu wanasikia."

"Alikungojea! Miezi yote alikuwa anauliza wewe! Mutukane mama yangu, nakuomba, mutukane!" Nilikuwa napiga kelele. Watu walinitazama kama nimerukwa na akili, binti anaomba mama yake atukanwe, jeneza liko juu juani.

Kisha akafunga kikwembe kiunoni, akaenda, akakaa chini katikati ya lango, miguu mbele, kama wanavyokaa. Akainua sauti. "Hapiti mutu! Huyu maiti si wetu! Udongo wa hapa haumujui, mama yake haumujui, utamutapika! Mumubebe vile alikuja, kichwani, mumurudishe kule kwao mbali!" Hakuacha neno hata moja. Alimtukana mama yangu kikamilifu, kama alivyoahidi, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Sasa ilikuwa zamu yetu kucheka. Nilifungua mdomo nianze mimi, niwafungulie wengine njia. Hakikutoka kitu. Nikasubiri mtu mwingine. Wanaume wakatazama viatu vyao. Jirani yangu alikuwa ameshika kuku kwapani, akasahau kumtupa. Yule mwanamke akabaki pale chini anatuangalia mmoja mmoja, akiwa amemaliza maneno yake.

Mdogo wangu akampa mtu mwingine mpini wa jeneza. Akavuka uwanja bila kutazama kushoto wala kulia, akawakusanya watoto wake watatu, waliokuwa wameshasikia maneno hayo Salamabila, akawaingiza ndani, akafunga mlango.